Dereva Mwenye Hasira: Namna ya Kumtambua na Kumwepuka

Hasira za barabarani ni hali ya dereva kuacha kuendesha gari ili afike aendako, akaanza kuliendesha ili amkomeshe mtu. Huanza na honi ya mfululizo, hufuatia tusi la dirishani, kisha gari jingine kubanwa hadi pembezoni, na mwisho mtu kushuka na spana ya magurudumu mkononi. Wanaouliza kuhusu jambo hili hurudia swali lilelile: afanye nini mtu ambaye hakumkosea yeyote, au alikosea kidogo tu, kisha akajikuta anaandamwa? Jibu fupi ni kwamba atafute nafasi, yaani mita za kutosha kati ya gari na gari, na upenyo wa kuondokea. Maelezo haya yanahusu zaidi Dar es Salaam na njia kuu za Tanzania, ingawa dereva wa Nairobi au Kampala ataona mambo yaleyale yakiitwa kwa majina mengine.

Haraka si hasira

Madereva wengi wanaoudhi wana haraka tu. Dereva wa daladala anayechomekea pale Buguruni hamjui wala hamchukii aliyemchomekea. Ana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni, na kila abiria anayewahiwa na gari jingine ni pesa iliyompita. Bodaboda naye yuko hivyohivyo. Mwenye haraka akishapita huendelea na safari yake. Mwenye hasira akishapita bado ana kazi na aliyempita: hupunguza mwendo, hukaa mbele yake, humsubiri.

Dalili za kuangalia ni hizi:

- Gari la nyuma limesogea hadi taa zake za mbele hazionekani tena kwenye kioo cha kati, na halipiti hata njia ya pembeni ikiwa tupu.
- Taa kali zinawashwa na kuzimwa mfululizo, au honi imeshikiliwa bila kuachiwa.
- Kila gari la mbele linapohama njia, la nyuma linahama nalo.
- Limepita, kisha linakanyaga breki mbele bila sababu yoyote.
- Dereva anamtazama mtu kuliko anavyotazama barabara, mkono uko nje, mdomo haufungi.
- Foleni imesimama na mlango wa dereva unafunguka.

Dalili moja peke yake haitoshi. Taa kali, kwa mfano, zina maana nyingi. Anayekuja kutoka mbele huziwasha kuarifu kwamba trafiki wenye tochi wako karibu. Anayetoka nyuma huomba kupishwa. Dereva wa lori akiwasha indiketa ya kushoto mara nyingi anamwambia wa nyuma apite, na akiwasha ya kulia anamwonya kwamba mbele kuna gari linakuja. (Hizi ni desturi za madereva, si alama za sheria, aliyezitegemea akagongana uso kwa uso hana wa kumdai.) Ugomvi mwingi huanza pale salamu inapodhaniwa kuwa tusi.

Dalili mbili zikikutana ndani ya dakika moja, ni salama zaidi kuihesabu hali hiyo kuwa hasira. Huenda baadaye ikajulikana kwamba yule alikuwa anakimbiza mgonjwa hospitali. Hata hivyo, aliyempisha hakupoteza kitu.

Makosa madogo yanayowasha moto

Joto, foleni na siku mbaya ya mtu mwingine haviko mikononi mwa dereva. Haya yako mikononi mwake:

- Kung'ang'ania njia ya kulia, ambayo ni ya kupitia, huku gari likienda taratibu. Kwenye barabara pana kama ile ya Kimara hadi Kibaha kosa hili ndilo huleta honi nyingi.
- Kuchomekea bila indiketa. Aliyeomba kwa indiketa na kiganja kilichoinuliwa huachiwa nafasi mara nyingi kuliko anavyodhani. Aliyeingiza pua ya gari kwa nguvu huachiwa kinyongo.
- Kutanua, yaani kuipita foleni kwa pembeni palipo na vumbi na watembea kwa miguu, kisha kudai kurudishwa mstarini.
- Kuingia makutano wakati mbele kumejaa, mataa yakabadilika gari likiwa limeziba njia ya wengine.
- Kuinamia simu hadi taa ya kijani imewaka na kuzimika.
- Kuacha taa kali usiku wakati gari jingine linakuja.
- Kuongeza mwendo unapopitwa. Mjini hili ni utoto. Kwenye njia kuu, aliyekwishatoka kumpita mwenzake huachwa upande wa kulia akiangaliana na basi, na hapo hakuna tena suala la nani alimkasirisha nani.

Kosa likitendeka, kiganja kilichoinuliwa kinatosha. Wapo wanaohofu kwamba kuomba radhi ni kukiri kosa na kuharibu madai ya bima. Hofu hiyo ina msingi baada ya magari kugongana, kwa kuwa masharti ya bima nyingi humkataza mteja kukubali lawama pale barabarani. Kabla ya kugongana hakuna dai lolote la kuharibika.

Gari linapoganda nyuma

Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hukata takriban mita 22 kila sekunde. Kwa kilomita 50, takriban mita 14. Aliyeganda nyuma kwa umbali wa mita tano hana hata nusu sekunde ya kufikiri. Kwa sababu hiyo, kosa baya kuliko yote hapa ni lile linalopendwa na wengi: kugusa breki ili kumtisha. Hatishiki. Anagonga, na aliyegongwa ndiye huumia shingo. Kosa la pili ni kukimbia, kwa sababu anayefukuza naye hukanyaga mafuta, na sasa magari mawili yanakwenda mbio badala ya moja.

Linalofaa ni hili, kwa mpangilio huu:

1. Mwendo ubaki uleule. Usipande wala kushuka ghafla.
2. Nafasi ya mbele iongezwe maradufu. Jambo hili hushangaza wengi, kwa kuwa hatari iko nyuma. Maana yake ni kwamba likitokea la kusimama, dereva atasimama polepole, na aliye nyuma naye atapata muda wa kusimama.
3. Indiketa ya kushoto iwashwe mapema, kisha gari lihamie njia ya kushoto. Barabara ikiwa ya njia moja kila upande, mwendo upunguzwe kidogokidogo mahali palipo wazi mbele ili apite.
4. Asipopita, gari liingie sheli, kituo cha mabasi au mahali pengine penye watu. Pembezoni mwa pori si mahali pa kusimama.
5. Akishapita, aachwe apotee machoni kabisa kabla ya safari kuendelea.

Muda wote huo macho yabaki barabarani. Kumkodolea mtu macho kupitia kioo, kutikisa kichwa, au kucheka na abiria wakati anapita, vyote husomwa kama dharau.

Hapa ndipo linapokuja pingamizi kubwa: kwa nini aliye na haki ndiye apishe? Mwendo wake ni halali, njia ni yake, mwenye makosa ni yule wa nyuma. Yote hayo ni kweli, na yatasemwa mahakamani. Barabarani, haki haina breki. Anayepisha hapotezi haki yake. Huiahirisha hadi mahali ambapo kuna mtu wa kuisikiliza, na kwa kawaida hupoteza sekunde 30.

Anayepita kisha kukaa mbele

Huyu anataka mchezo, na mchezo unahitaji wawili. Asipitwe tena, hata akienda kilomita 20 kwa saa, kwa sababu kumpita ni kuanza raundi nyingine. Gari libaki mbali, au likate kona ya kwanza inayoelekea barabara nyingine. Akisimama kabisa katikati ya njia, mwenye gari la nyuma asisogee hadi kwenye bampa lake; abaki na nafasi ya kupinda na kutoka, au ya kurudi nyuma.

Anaposhuka kwenye gari lake

Nafasi ya kutoka hutengenezwa mapema, kabla hajatokea mtu wa kumkimbia. Kila gari linaposimama kwenye foleni, matairi ya nyuma ya gari lililo mbele yaonekane yakigusa lami. Yasipoonekana, gari liko karibu mno na haliwezi kupinda kutoka bila kugonga. Madereva wa Dar es Salaam hubanana kwa hofu ya kuchomekewa, na ndiyo maana mwenye hasira akishuka, anayeandamwa huwa amefungiwa mbele na nyuma.

Mtu akiwa anakuja kwa miguu:

- Milango ifungwe kwa ndani na vioo vipandishwe. Kioo cha dereva, ambacho kwetu kiko kulia, ndicho huendewa kwanza, na mkono ukishapita ndani ufunguo wa gari uko karibu.
- Injini ibaki inaunguruma na gia iwe tayari.
- Dereva asishuke, hata kama ni mrefu kuliko anayekuja, na hata kama anayekuja ni mzee. Asiyejua mwenzake ana nini mkononi hana sababu ya kumsogelea.
- Likibidi neno, kioo kifunguliwe upana wa vidole viwili. Maneno yawe machache na ya heshima: "Samahani kaka, sikukuona." Hapo si mahali pa kueleza sheria za kipilefti.
- Kukiwa na upenyo, gari liondoke taratibu, bila kumgusa wala kumnyunyizia vumbi kwa makusudi.
- Pasipokuwa na upenyo, honi ipigwe kwa mkupuo mrefu ili watu wageuke, na abiria apige simu polisi.

Akipiga teke mlango au akivunja kioo cha pembeni, inauma. Lakini mlango hunyooshwa gereji na kioo hupatikana dukani. Wengi wamevumilia matusi yote, kisha wakashuka kwa sababu ya mkwaruzo, na hapo ndipo walipoumizwa.

Wengine hudai kwamba dawa ni kuweka rungu au nondo chini ya kiti. Ushauri huo una kasoro mbili. Silaha iliyo ndani ya gari humtia mwenyewe hamu ya kushuka, na mkononi mwa asiyezoea hunyang'anywa haraka. Pia, aliyeshuka na rungu hawezi tena kumweleza askari kwamba alikuwa akijihami tu.

Anapofuata hadi mtaani

Kuna namna rahisi ya kuhakikisha kama gari linafuata kweli: kuzunguka kipilefti mara mbili, au kukata kona nne zinazorudi kwenye barabara ileile. Hakuna msafiri wa kawaida anayezunguka naye. Likiwa bado liko nyuma, nyumbani hapaendeki, wala shuleni kwa watoto, wala kazini penye geti linalofunguliwa polepole. Pa kwenda ni kituo cha polisi kilicho karibu, au sheli yenye taa, walinzi na kamera. Huko gari lisimame karibu na mlango wa ofisi, na dereva abaki ndani hadi askari au mlinzi afike.

Mwanamke anayeendesha peke yake usiku ana sababu ya ziada ya kuamua mapema. Si lazima asubiri kona ya nne ndipo aombe msaada.

Ajali ndogo na kundi kubwa

Gari likimgusa bodaboda, hasira huwa ya kijiwe kizima. Pikipiki kumi hufika kabla dereva hajafungua mkanda, na wanaofika hawakuona lililotokea. Machi 2022 jijini Nairobi waendesha bodaboda walimzingira na kumdhalilisha dereva mwanamke kwenye barabara iliyokuwa ikijulikana kama Forest, na video yake ikasambaa hadi Rais Uhuru Kenyatta akaamuru msako dhidi ya waendesha bodaboda wakorofi. Dar es Salaam na Kampala nako madereva wanajua vijiwe vilivyo wepesi wa kukusanyika.

Sheria inamtaka dereva aliyehusika katika ajali asimame, amsaidie majeruhi na kutoa taarifa polisi. Pasipo na tishio, hilo ndilo la kufanya, na kufanya haraka ndiyo kinga yenyewe: dereva anayeshuka mara moja, akamwinamia aliyeanguka na kuuliza ameumia wapi kabla ya kukagua bampa lake, huwapa waliofika la kufanya. Humwomba mmoja wao asaidie kumpakia majeruhi. Anayebaki ndani akipiga simu huku mtu anavuja damu huliwasha kundi mwenyewe.

Ikiwa mawe yameshaokotwa au kuna sauti inayotaja kuchoma gari, kubaki si ujasiri. Hapo dereva huondoka kwenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu na kuripoti papo hapo, akiomba majeruhi afuatwe. Asipitie nyumbani wala gereji. Aliyefika kituoni baada ya dakika kumi alikuwa anaokoa maisha yake; aliyefika kesho yake asubuhi ataonekana amekimbia, na itamwia vigumu kueleza vinginevyo.

Abiria wa dereva mwenye hasira

Abiria wana nguvu kuliko wanavyodhani, kwa mema na kwa mabaya. Ndani ya daladala mara nyingi husikika sauti ya kuchochea: "Mpite huyo!" Sauti hiyo imewahi kuliingiza gari mtaroni. Dereva aliyekwishachemka hasikii lawama, hasa akitukanwa mbele ya konda wake. Husikia zaidi kwa mtu mzima anayesema kwa sauti ya chini, "Baba, waache hao waende, sisi tufike salama." Wengine wakidakia kwa upole, mwendo hupungua.

Isiposaidia:

- Ndani ya daladala: kushuka kituo kinachofuata. Nauli iliyopotea isihesabiwe.
- Juu ya bodaboda au ndani ya bajaji: kuomba kusimama mahali penye watu, kulipa bila kubishana na kuchukua nyingine.
- Ndani ya basi la mkoani: kunakili namba ya gari, saa na mahali, kisha kuwapigia trafiki au LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini. Mabasi ya masafa hufungwa kifaa cha kufuatilia mwendo, hivyo malalamiko yenye saa kamili huweza kuhakikiwa.

Hasira zikiwa za mwenye usukani mwenyewe

Karibu kila msomaji wa ushauri wa aina hii humfikiria dereva mwingine. Dalili za mtu mwenyewe ni hizi: meno yamekazana, vidole vimekaza usukani, anazungumza kwa sauti na mtu asiyemsikia, na kichwani mna neno "adabu", kwamba yule afunzwe adabu. Neno hilo likishaingia, ni wakati wa kusimama pembeni mahali salama na kunywa maji. Mwili uliotaharuki haupoi mara chanzo kikiondoka. Moyo huendelea kwenda mbio kwa dakika kadhaa, na katika dakika hizo dereva hugonga mtu wa tatu asiyehusika kabisa.

Kuondoka nyumbani dakika 20 mapema husaidia kuliko mbinu nyingi za kutuliza nafsi. Mwenye muda hachomekei, na akichomekewa haimuumizi sana. Aliyetoka kugombana nyumbani au kazini ni vyema akae dakika chache kabla ya kuwasha gari.

Baada ya tukio

Kinachoandikwa mapema ndicho husaidia: namba za gari, rangi na aina yake, saa, mahali, upande lilikoelekea, na namba ya simu ya mtu mmoja aliyeshuhudia. Video ni nzuri ikichukuliwa na abiria au na kamera iliyofungwa kwenye dashibodi. Dereva anayeinua simu na kumwelekezea mwenye hasira humwongezea hasira, na humpa kitu cha kunyang'anya. Ni vyema video ifike polisi kabla ya mitandaoni, kwa sababu namba ya gari iliyosomwa vibaya humpelekea matusi mtu ambaye siku hiyo hakutoka nyumbani.

Kituoni hutolewa namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa, ambayo Kenya huitwa OB, na bila hiyo kesi ni vigumu kufuatiliwa. Aliyeumizwa nchini Tanzania huomba pia fomu ya PF3 kwa ajili ya hospitali. Wengi hudhani kwamba pasipo damu hapana kesi, na hawaendi kabisa. Kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinafanya lugha ya matusi inayoweza kuvunja amani kuwa kosa, na kushambulia mwili ni kosa hata kama hapakuwa na jeraha.

Polisi wa Tanzania hupatikana kwa namba 112, na wa Kenya kwa 999 au 112. Gari likiwa linatembea, anayepiga simu hiyo ni abiria; dereva aliye peke yake hupiga akishasimama mahali penye watu.